Wasomaji Wanauliza: Mafuta Yakiadimika na Mvua Ikigeuka, Nyumba Ijiandae Vipi?

Barua sita kati ya zile tulizopokea kwa ajili ya ukurasa huu zinauliza jambo moja, kila moja kwa njia yake: mtu wa kawaida hapa Uganda, asiye na kisima cha mafuta wala cheo serikalini, ajiandae vipi kwa siku ambazo petroli itakuwa adimu na ghali, na majira ya mvua hayaaminiki tena? Nimezifupisha barua hizo bila kuzibadili maana, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, nasikia kila siku kwamba mafuta ya dunia yanapungua na kwamba tujiandae. Lakini sisi tumeambiwa tangu mwaka 2006 kwamba Mungu ametupa mafuta kule Ziwa Albert. Je, si kweli kwamba wengine watakapokuwa wakilia, sisi tutakuwa tukiuza? — Mwalimu mstaafu, Bombo

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Kwa kuwa umefundisha hesabu maisha yako yote, kama unavyoeleza katika barua yako, tuanze na hesabu. Inakadiriwa kwamba katika Bonde la Albertine kuna mapipa bilioni 6.5 ya mafuta, lakini yanayoweza kutolewa ardhini ni kama bilioni 1.4 tu. Dunia hutumia zaidi kidogo ya mapipa milioni 100 kila siku. Ukigawanya, utaona kwamba hazina yetu yote ingeitosha dunia kwa muda wa majuma mawili. Miradi ya Tilenga na Kingfisher imepangwa kutoa mapipa kama 230,000 kwa siku itakapofika kileleni, na kwa kasi hiyo mapipa bilioni 1.4 yangekwisha katika miaka kumi na saba hivi. Kwa kweli visima haviendi hivyo, kwa sababu uzalishaji hupanda, hukaa kileleni kwa miaka michache, kisha hushuka polepole kwa muda mrefu. Hata hivyo mtoto anayeanza shule leo Buliisa, wilaya yenye visima hivyo, anaweza kuishi akauona mwanzo wa mafuta hayo na mwisho wake.

Nakubali kwamba mafuta ya dunia hayatakauka siku moja kama mtungi. Yanayotangulia kwisha ni yale rahisi, yaliyo karibu na uso wa ardhi na yanayotoka yenyewe kwa nguvu. Mwaka 1956 mwanajiolojia wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri kwamba uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970, na ndivyo ilivyotokea. Baadaye Wamarekani walijifunza kuvunja miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, uzalishaji ukapanda tena hata ukakipita kilele kile cha zamani, lakini kwa visima vingi mno ambavyo huchoka upesi na hugharimu fedha nyingi. Kwa hiyo anayesema mafuta yamekwisha anakosea, na anayesema yapo tele kwa bei ya zamani anakosea vilevile.

Kuna jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi kwa mtu wa Bombo. Kuwa na mafuta ghafi si kuwa na petroli. Mafuta yetu yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa ili lipashwe moto njia nzima, la sivyo mafuta yangeganda ndani yake. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichopangwa kujengwa Kabaale ni cha mapipa 60,000 kwa siku, na hata kikifanya kazi, sioni kwa nini muuzaji akuuzie lita kwa bei ya huruma wakati jirani ananunua kwa bei ya dunia. Nigeria imeuza mafuta ghafi nje kwa miongo mingi, na katika miaka hiyo hiyo raia wake wamepanga foleni wakisubiri petroli iliyoagizwa kutoka ng'ambo.

Petroli unayoiona leo katika kituo cha mafuta imekuja kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, na sehemu kubwa ikapita katika bomba la Kenya, kisha ikapakiwa katika malori ya tangi yanayovuka mpaka Malaba na Busia. Tangu Julai 2024 mwagizaji mmoja tu, yaani Kampuni ya Taifa ya Mafuta, UNOC, ndiyo inayoiagiza kupitia kampuni ya Vitol. Mwagizaji amebadilika, barabara haikubadilika. Mwanzoni mwa mwaka 2008, vurugu zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi, petroli iliadimika Kampala ingawa dunia haikupungukiwa na hata pipa moja. Januari 2022 madereva wa malori walikataa kupimwa korona mpakani kwa malipo, na katika baadhi ya miji ya mbali lita moja ikafika shilingi 10,000.

Kwa sababu hiyo, Mwalimu, sikushauri ujiandae kwa siku ya mwisho wa mafuta, ambayo hakuna ajuaye tarehe yake. Kaa na familia yako mwulizane: lori lisipofika kwa siku kumi, ni kitu gani ndani ya nyumba hii kitasimama kwanza? Halafu mwulizane swali hilo hilo kuhusu mvua isipofika kwa siku thelathini. Majibu yakilingana, hapo ndipo pa kuanzia kutumia fedha yako ya pensheni. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kinachosimama kwanza ni jiko na maji, wala si gari.

Swali: Nina duka la jumla Busia. Baada ya mgomo wa madereva mwaka 2022, nilianza kuweka jerikeni nne za petroli nyuma ya duka ili nisikwame tena. Mke wangu analalamika kila siku. Nani kati yetu ana haki? — Mfanyabiashara, Busia

Jibu: Ndugu yangu, mkeo ana haki, na naomba umwonyeshe jibu hili leo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukatoka dirishani. Hutambaa sakafuni kimyakimya, hupita chini ya mlango, na ukifika penye sigiri au cheche ya swichi hulipuka na kurudi hadi pale ulipotoka. Jerikeni za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kupikia hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, hufura kwa joto na mifuniko yake huvuja. Tena petroli yenyewe haihifadhiki muda mrefu: sehemu zake nyepesi hupaa, na baada ya miezi michache huacha utando unaoziba kabureta. Unahatarisha duka, wapangaji na watoto wa jirani kwa ajili ya lita 80 ambazo katika shida ya kweli zingekwisha ndani ya wiki moja au mbili.

Ukiwa na gari, jizoeze kujaza tangi linapofika nusu badala ya kusubiri taa iwake. Fedha uliyoifungia katika jerikeni ihamishie kwenye bidhaa zisizoharibika na ambazo watu huzitafuta sana njia zikifungwa: chumvi, sabuni, viberiti, betri. Nayo mizigo midogo ya mjini, kubaliana mapema na vijana wa baiskeli, maana mji wako na majirani zako wa ng'ambo ya mpaka ndio waliozaa boda boda, nazo zilikuwa baiskeli miaka mingi kabla ya pikipiki kuja. Sijui kwa nini tumeliona hilo kuwa jambo la aibu.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watano, napika kwa makaa. Gunia linapanda bei kila msimu wa mvua na halishuki tena. Jirani ananiambia ninunue gesi, shemeji yangu anasema umeme ndio wa kisasa. Sina fedha za kujaribu vyote. Nianzie wapi? — Mama wa Kireka

Jibu: Mama, anzia kwenye maharagwe. Kabla hujanunua chochote kipya, yaloweke usiku kucha, yamwage maji hayo asubuhi, pika kwa maji mapya na sufuria iliyofunikwa, na yakishachemka punguza moto, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka taratibu. Mambo haya hayagharimu hata shilingi moja. Hatua ya pili iwe sigiri iliyoboreshwa, ile yenye udongo wa kuchoma ndani yake, kwa kuwa ile ya bati tupu hupasha moto hewa ya uani kuliko sufuria.

Bei ya makaa ina sababu zaidi ya moja. Mei 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi, ambako miti mikubwa kama mshea ilikuwa ikikatwa kwa kasi ya kutisha. Biashara haikufa, ilijificha, na kujificha kuna gharama zake. Kisha kumbuka kwamba gunia hilo nalo hupanda lori linalokunywa dizeli, hivyo dizeli ikipanda bei huko Malaba, unailipia wewe Kireka ingawa huna gari. Na kila mwaka lori hilo hulazimika kwenda mbali zaidi kuufuata msitu uliosalia.

Kuhusu gesi, jirani yako amesema kweli, lakini si yote. Ni safi, haina moshi wa kuwaumiza watoto macho na kifua, na inaokoa miti. Hata hivyo gesi ya mitungi tunayotumia ni mazao ya mafuta na inakuja kwa njia ile ile ya mpakani. Mtu anayehama kutoka makaa kwenda gesi peke yake amejitoa mikononi mwa mchoma makaa, akajikabidhi mikononi mwa dereva wa tangi.

Umeme ndio ambao kwa maoni yangu umepuuzwa zaidi. Umeme wa nchi hii kwa sehemu kubwa unatoka katika maji ya Nile: Nalubaale ya Jinja iliyofunguliwa mwaka 1954, Bujagali yenye megawati 250 tangu 2012, Isimba yenye 183 tangu 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Hakuna lori la Malaba linalohitajika ili maji yale yaporomoke. Watu huogopa jiko la umeme kwa sababu wamewahi kupika kwa koili iliyo wazi, ambayo kweli hula uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, bila huruma. Sufuria ya umeme yenye shinikizo ni kitu kingine: hufunga mvuke ndani, hujizima yenyewe, na kilo ya maharagwe yaliyolowekwa inaweza kuiva kwa chini ya uniti moja. Linganisha na makaa unayotumia kwa sufuria hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, mamlaka ya umeme iliweka bei nafuu kwa wateja wa majumbani kwa uniti zinazofuata baada ya 80 za kwanza katika mwezi, hadi 150, ili watu wapike kwa umeme. Uliza katika ofisi ya umeme ya wilaya yako kama unastahili na bei ikoje sasa.

Lakini nisikudanganye kwamba umeme hauna udhaifu. Mabwawa yote niliyoyataja yamekaa juu ya mto mmoja unaotoka katika ziwa moja. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka sana, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu maji mengi yaliachiwa kupita Jinja, nasi tukakaa gizani kwa zamu huku serikali ikikodi jenereta za dizeli. Mwaka 2020 ziwa hilo hilo lilifurika likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaivunja rekodi ya mwaka 1964, na watu wa ufukweni wakahama nyumba zao. Hali ya hewa inayobadilika ndiyo hiyo: kati ya uhaba na mafuriko ilipita miaka kumi na minne tu.

Kwa hiyo, Mama, kwa fedha kidogo uliyonayo, fuata mpangilio huu. Sasa, kuloweka na sigiri bora. Ukipata fedha ya chama cha akiba, sufuria ya umeme kwa ajili ya maharagwe, mchele na matumbo, yaani vile vinavyochukua saa nyingi. Gesi ije mwisho, mtungi mdogo, kwa chai ya asubuhi watoto wanapokimbilia shule. Na sigiri usiitupe kamwe, wala usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi ya makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Makaa ya maganda ya matoke yanayotengenezwa na akina mama wengi mjini ni mazuri kwa sigiri hiyo. Yanachelewa kuwaka, lakini yakishika hudumu.

Swali: Naendesha boda steji ya Wandegeya. Kwa siku naunguza lita nne. Nimeambiwa pikipiki ya umeme ndiyo inayokuja. Nikope niinunue? — Kijana wa Wandegeya

Jibu: Mdogo wangu, tufanye hesabu yako. Lita nne, tuseme kila lita ni shilingi 5,000, ni 20,000 kila siku kabla hujala. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo pikipiki yako hutoa zaidi ya kilo tisa kwa siku, ingawa sitakubebesha lawama hiyo: Afrika nzima hutoa chini ya asilimia nne ya hewa ya ukaa ya dunia. Sababu yako ya kuhama iwe mfukoni.

Kabla hujatia sahihi, uliza mambo matatu. Je, vituo vya kubadilishia betri viko katika njia unazopita wewe, au viko upande mwingine wa mji? Betri ni mali yako au unaikodi, na kodi ikipandishwa utafanya nini? Na kampuni ikifunga milango, kuna mtu mwingine mwenye betri inayoingia katika pikipiki hiyo? Ukipata majibu mazuri kwa yote matatu, kwa safari za mjini pikipiki ya umeme inafaa. Ukiwa unapeleka abiria Luweero mara kwa mara, subiri kwanza. Na usikope mikopo miwili kwa wakati mmoja; kama ile pikipiki ya petroli bado unailipia, imalize.

Swali: Tuna kiwanja cha urithi karibu na Mto Nyamwamba hapa Kasese. Baba anasema mafuriko ni ya zamani na yatapita. Wengine wanasema ni theluji ya Rwenzori inayoyeyuka. Tujenge au tuuze? — Kijana wa familia, Kasese

Jibu: Pole kwa yale mliyoyapitia. Nianze na theluji, kwa sababu lawama inapoelekezwa pasipo, na maandalizi huelekezwa pasipo. Ni kweli kwamba barafu ya Rwenzori inakwisha: msafara wa Kiitaliano ulipoichora mwaka 1906 ilikuwa karibu kilomita za mraba saba, na leo haifiki hata moja. Ni hasara kubwa, lakini barafu hiyo ndogo haiwezi kuleta maji yaliyobomoa nyumba Mei 2013 na tena Mei 2020. Yaliyoleta ni mvua kubwa iliyonyesha juu ya miteremko mikali. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia saba kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, na inapoumwaga huumwaga kwa pamoja. Ongeza moto ulioteketeza vichaka vya bonde la juu mwaka 2012, na mawe makubwa yaliyoujaza mto hata ukakosa pa kupita, ndipo utaelewa kwa nini maji yalifika hadi hospitali ya Kilembe.

Mzee wenu anasema kweli kwamba mto huo ulifurika zamani. Mwambieni kwa heshima kwamba zamani mto ulikuwa na kina na mlima ulikuwa na vichaka. Tena sheria za mazingira zinakataza kujenga ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wa kawaida, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Nendeni kwa afisa mazingira wa wilaya awapimie kabla ya kutumia hata mfuko mmoja wa saruji.

Kuuza sikushauri kwa haraka, kwa sababu ardhi iliyowahi kufurika huuzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa maskini mwingine atakayejenga pale pale. Kiacheni kiwanja kizae vitu ambavyo mkivipoteza hamtafilisika: mianzi, majani ya ng'ombe, mboga za msimu. Nyumba jengeni juu, hata kama ni ya vyumba viwili.

Na wale wanaolala karibu na mto leo, kabla ya uamuzi wowote, wakubaliane usiku huu njia ya kukimbilia na nyumba ya kukutania, tena iwe ile ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuifikia peke yake gizani. Hati ya ardhi au mkataba wa mauzo, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango, na picha zake zitumwe kwa ndugu aliye mbali. Maji ya mto baada ya mafuriko msinywe hata yakichemshwa, kwa sababu Nyamwamba hupita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na kuchemsha hakuondoi madini.

Swali: Ninalima mahindi ekari tatu hapa Bweyale. Mbolea imekuwa ghali, mvua ya kwanza inachelewa kisha inapiga kwa nguvu. Nifanye nini, na je, niuze mahindi yote mara tu ninapovuna kama ninavyofanya sasa? — Mkulima, Bweyale

Jibu: Mkulima mwenzangu, mbolea ya yurea hutengenezwa kwa gesi asilia, na ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei yake ilipaa hadi Bweyale, mahali ambapo hakuna aliyerusha risasi. Kwa hiyo shamba lako nalo linakunywa mafuta, kupitia mbolea, trekta na lori la kupeleka sokoni. Mbolea usiache kabisa, lakini usiitawanye. Weka kifuniko cha chupa kimoja karibu na kila shina ardhi ikiwa na unyevu, nusu ya ile uliyokuwa ukimwaga, na katikati ya mistari panda maharagwe au soya, ambazo hujitengenezea naitrojeni na kuacha nyingine udongoni. Mabua usiyachome, yalaze juu ya ardhi yazuie mvua ile inayopiga kwa nguvu isikwapue udongo.

Kwa mbegu, wengi hukimbilia chotara, nazo huzaa sana mvua ikiwa nzuri. Ninachokushauri ni kutenga sehemu ya shamba kwa mbegu kama Longe 5, ambayo unaweza kuchagua mahindi bora shambani ukaipanda tena msimu unaofuata, jambo ambalo chotara haliruhusu. Robo ekari iwe muhogo, na uombe mbegu inayovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia kama NASE 14, iliyotoka kwa watafiti wa Namulonge. Muhogo hukusubiri ardhini mwaka mzima bila ghala, ilhali mahindi yakikosa mvua ya wiki mbili wakati wa kuchanua, hakuna cha kusubiri. Sikiliza utabiri wa msimu unaotolewa na mamlaka ya hali ya hewa kabla ya Machi na kabla ya Septemba, lakini mvua ya kwanza isikudanganye: chimba kwa jembe, na udongo ukiwa umelowa kwa kina cha kiganja tu, ngoja.

Usisahau paa lako la mabati. Paa la mita za mraba 40 likipokea mvua ya milimita 25 hupokea lita 1,000, na hata zikipotea 200 kwa kumwagika, zinazobaki ni jerikeni arobaini ambazo mkeo na watoto hawatazibeba kutoka kisimani. Mvua ya dakika za kwanza iache ipite ioshe paa.

Sasa kuhusu kuuza. Unapouza siku ya kuvuna, unauza siku ambayo kila mtu anauza, na mahindi yakiwa bado mabichi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda mpakani kwa sababu ya sumukuvu, na sumu hiyo huanzia hapo hapo, kwenye mahindi yaliyoanikwa juu ya ardhi tupu na kufungiwa na unyevu. Yaanike juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13. Kama huna kipimo, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, rudisha juani. Yakikauka yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi bila dawa yoyote. Kisha pima posho inayoliwa nyumbani kwako kwa wiki moja, zidisha kwa wiki zilizobaki hadi mavuno yajayo, ongeza mwezi mmoja kwa ajili ya mvua itakayochelewa na sehemu ya mgeni asiyetarajiwa. Mahindi hayo yasiguswe. Yanayozidi ndiyo ya kuuza, na hayo unaweza kuyauza Bweyale hata siku ambayo lori la kwenda mbali limekosa dizeli.